Kifaa cha Bega na Siku ya Kukivua

Mama mmoja wa makamo alifika kliniki yetu akiwa amevaa mkanda wa bega wa bei kubwa, ule unaofunga mkono na kiwiliwili kwa pamoja. Bega lake lilikuwa limeteguka na kurudishwa vyema wiki 9 zilizotangulia. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia auvue lini. Bega lilikuwa limekakamaa hata hakuweza kuinua mkono kufunga kilemba, na kulilegeza kulitugharimu miezi kadhaa ya mazoezi.

Wengi huchagua kifaa kwa bei yake, ilhali kinachopaswa kutangulia ni jeraha. Mtulinga uliovunjika, kwa mfano, mara nyingi hutosheka na kitambaa cha kutundika mkono shingoni. Bendeji inayozungushwa mabegani na kukutana mgongoni kama tarakimu 8 bado inapendwa, lakini haijaonekana kuunga mfupa vizuri zaidi, nayo hubana makwapa. Mfupa wa mkono wa juu ukivunjika katikati, mambo hubadilika: huko hutundikwa kifundo cha mkono, kiwiko kikaachwa huru, ili uzito wa mkono wenyewe uunyooshe mfupa. Kitambaa kipana kinachobeba kiwiko kingeusukuma juu.

Bega lililoteguka mara ya kwanza na kurudishwa, kwa kijana hutulizwa kwa kawaida hadi wiki 3. Aliyevuka miaka 40 hukakamaa upesi zaidi. Kwake wiki moja hivi mara nyingi yatosha, kisha mazoezi mepesi yaanze. Asipoweza kuinua mkono baada ya hapo, achunguzwe kama kano za bega zimechanika.

Kwa kitambaa, hata kanga iliyokunjwa pembetatu hufaa. Mimi huiona bora kuliko mkanda wa dukani usiomwenea mgonjwa. Kiganja kikae juu kidogo ya kiwiko, na fundo lisikalie mfupa wa shingo. Vidole na kifundo vichezeshwe tangu siku ya kwanza, na kiwiko pia iwapo jeraha linaruhusu.

Mhudumu apime hisia za ngozi ya upande wa nje wa bega kabla na baada ya kulirudisha na kulifunga, kisha aandike tarehe ya kuvua kwenye kadi. Nawe mgonjwa, vidole vikifa ganzi, vikipoa au vikibadilika rangi, rudi hospitali siku hiyohiyo.