Taa na Tairi za Pikipiki ya Kikundi: Kipi Kibadilishwe Kwanza?

Vikundi vingi vya kujisaidia siku hizi vina pikipiki. Kuna kina mama walioinunua kwa pesa za mzunguko, kuna wafugaji wanaopelekea nayo maziwa kwenye mtambo wa kupozea kabla ya kupambazuka, na kuna vikundi vilivyomkabidhi kijana wa bodaboda ambaye huleta hesabu kila jioni. Na usiku mama mjamzito akishikwa na uchungu, pikipiki hiyo hiyo ndiyo gari la hospitali. Kwa hivyo ikianguka gizani, hasara si ya mwendeshaji peke yake. Kuna mkopo ambao haujamalizika, kuna maziwa yamemwagika, na kuna mtu aliyebebwa nyuma.

Ndiyo sababu katika mikutano tunayohudhuria swali hili hurudi kila mara: mwendeshaji anaomba pesa za taa kali na tairi pana, na mweka hazina hataki kusikia. Mara nyingi wote wawili wana haki kidogo. Tumeona ni vizuri tulieleze jambo hili pole pole, ili kikundi kikikata shauri kijue kinanunua nini.

Tuanze na hesabu. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa inamaliza karibu mita 14 kila sekunde. Mwendeshaji akiona ng'ombe amelala barabarani, sekunde moja hivi inapita kabla mkono haujashika breki. Hizo ni mita 14 tayari. Kisha kwenye barabara ya changarawe, hata kwa tairi nzuri, itahitaji karibu mita 25 nyingine kusimama. Jumla ni mita 40 hivi. Kama taa yake inaonyesha mita 25 tu, huyo ng'ombe atagongwa hata kama breki ni mpya. Akienda kilomita 30 kwa saa, atasimama ndani ya mita 18 na kitu. Sasa mnaona kwamba taa, tairi na mwendo ni kitu kimoja, na kwamba cha tatu hakinunuliwi dukani.

TAA: KABLA YA KUTOA PESA

Taa nyingi zinazoitwa mbovu ni taa chafu. Kioo kimejaa vumbi ndani, au plastiki imegeuka njano kwa jua. Waya wa arthi uliofungwa kwenye chuma umeshika kutu. Jambo hili la waya watu hulidharau, lakini balbu ya kawaida ni kitu cha ajabu: stima ikipungua kidogo tu njiani, kwa mfano sehemu moja kwa kumi, mwangaza unapungua karibu sehemu tatu kwa kumi. Kwa hivyo fundi akifungua viungio vya waya, akavisugua kwa msasa laini na kuvikaza, taa inaweza kurudia nguvu zake bila kununua chochote isipokuwa soda ya fundi.

Jambo la pili ni taa kuelekezwa vizuri. Hapa ndipo kuna maneno. Pikipiki ikibeba abiria au madebe ya maziwa, nyuma inashuka na mbele inainuka. Taa iliyokuwa inaangalia barabara sasa inaangalia matawi ya miti, na anayekuja mbele anapofushwa. Fanyeni hivi jioni moja penye uwanja ulio sawa. Simamisheni pikipiki mita 5 kutoka ukutani, mwendeshaji akiwa juu yake pamoja na mzigo wake wa kila siku. Pimeni kutoka chini hadi katikati ya taa, mtie alama ya chaki ukutani kwa urefu huo huo. Washeni dimu. Ukingo wa juu wa mwangaza unatakiwa uwe chini ya alama kwa sentimita 5 hadi 10. Kama taa iko sentimita 90 kutoka ardhini, kushuka sentimita 5 kunamaanisha mwangaza utagusa barabara mita 90 mbele. Ukishuka sentimita 10, utagusa mita 45 mbele. Ukishuka sentimita 20, basi mwendeshaji anamulika mita 22 tu, ati kisha analaumu balbu! Taa nyingi zina skrubu au bolti za kurekebisha. Kazi yote haichukui nusu saa.

BALBU KUBWA NA TAA ZA LED

Pikipiki nyingi ndogo za bodaboda zimeundwa kwa balbu ya volti 12 na wati 35. Dukani kuna balbu za wati 60 za magari, na fundi mwingine atakuambia zinaingia. Labda zinaingia, lakini mama mwenye jiko moja hawezi kuivisha sufuria tatu kwa wakati mmoja. Wati 35 zinavuta karibu ampea 3, wati 60 zinavuta ampea 5. Magneto ya pikipiki ndogo haikuundwa kwa hizo, na waya zake nyembamba zinapata moto. Tena joto la balbu hiyo linayeyusha kikombe cha plastiki kinachoishika na kuchoma ile rangi ya fedha inayorudisha mwangaza. Baada ya miezi michache unabaki na taa hafifu kuliko ya kwanza, na sasa unanunua taa nzima.

LED ni habari nyingine. Inatumia stima kidogo kwa mwangaza mwingi, na hatusemi msiinunue. Lakini ulizeni kwanza taa yenu inakula stima ya wapi. Katika pikipiki nyingi ndogo, hasa zilizokaa miaka kadhaa, taa ya mbele haili betri. Inatoka moja kwa moja kwenye magneto. Ukiachilia mafuta inafifia, ukikaza inang'aa. Jaribuni hivi: zimeni injini, fungueni swichi, mpige honi na kuwasha taa. Honi ikilia na taa isiwake, kwa kawaida taa hiyo ni ya magneto. LED iliyotengenezwa kwa stima ya betri ikiwekwa hapo itapepesa na kufa mapema. Fundi wa stima anaweza kuigeuza itumie betri, lakini basi ni lazima betri ipimwe kwa mita: taa ikiwa imewaka na injini ikinguruma kwa mwendo wa barabarani, mita isome volti 13.5 hadi 14.5. Ikisoma chini ya 12.8 na kuendelea kushuka, betri inanyonywa, na asubuhi mtaisukuma.

Kuna pia ujanja wa kutoa balbu ya zamani na kuingiza ya LED katika kikombe kile kile. Kikombe kilipindwa kufuatana na mahali palipokuwa na ule waya mdogo wa balbu ya kwanza. Chanzo cha mwangaza kikihama hata milimita chache, mwangaza unatawanyika kila upande. Mwendeshaji anaona weupe mwingi mbele ya gurudumu na kudhani amepata, kumbe mbali haoni kitu, na dereva wa lori anayekuja haoni kabisa. Ni afadhali taa nzima iliyoundwa kwa LED tangu mwanzo. Mkiichagua, ipimeni ukutani kabla ya kulipa. Sisi Kenya tunaendesha upande wa kushoto, lakini taa nyingi zinazoletwa zimetengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Ukingo wa dimu ukiwa umelala sawa, au ukipanda upande wa kushoto, ni sawa. Ukipanda kulia, rudisheni. Hiyo itamchoma macho kila mtu mnayekutana naye.

Na zile spotilaiti mbili za kufunga chini? Mbili za wati 20 ni wati 40, yaani zaidi ya ampea 3. Betri ndogo ya ampea 5 kwa saa haitazibeba zaidi ya saa moja na nusu kama magneto haiijazi. Zikifungwa, ziwe na fyuzi, rilei na swichi yao peke yao, zielekezwe chini, na zizimwe gari linapokuja. Kwa maoni yetu, kikundi kinachopita barabara yenye watu hakizihitaji. Kinachopita msituni saa kumi za usiku, huenda.

Tunaongeza jambo moja ambalo hakuna aliyetuuliza. Taa ya nyuma mara nyingi imefunikwa na kreti au madebe ya maziwa. Mwendeshaji ananunua LED ya mbele na nyuma yake kuna giza tupu! Balbu ya nyuma ni ya bei ndogo sana. Inueni mzigo au hamisheni taa, bandikeni karatasi nyekundu ya kurudisha mwangaza kwenye madebe yenyewe, na mwendeshaji avae koti lake la kung'aa, ambalo sheria inalitaka hata kwa abiria, pamoja na helmeti.

TAIRI: SOMENI MAANDISHI

Tairi inaeleza habari zake yenyewe ubavuni. Pikipiki nyingi za bodaboda zina 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Nambari ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni ukubwa wa rimu. Tairi ya 18 haiingii kwenye rimu ya 17, hata muuzaji akiapa. Kisha kuna nambari ya mzigo: 41 ni kilo 145, 45 ni kilo 165, 50 ni kilo 190. Herufi inayofuata ni ya mwendo. Mwendeshaji, abiria na madebe mawili yakijaa ni uzito mkubwa, na sehemu kubwa inakaa gurudumu la nyuma, kwa hivyo huko nyuma msikubali nambari iliyo chini ya ile iliyokuja na pikipiki.

Tafuteni pia tarakimu nne za tarehe. Mkiona 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa rafuni miaka mingi imekauka. Ina meno mapya na mpira mzee. Bei ikiwa ya chini ajabu, angalieni hapo kwanza.

Tairi pana inapendeza macho. Lakini ikizidi kipimo inakwaruza mnyororo au madigadi, na ikifungwa kwenye rimu nyembamba inabanwa ikawa duara kama yai, sehemu inayogusa barabara ikapungua badala ya kuongezeka. Kupanda kipimo kimoja nyuma kunawezekana kwa baadhi ya pikipiki ikiwa nafasi ipo. Zaidi ya hapo ni urembo. Mbele tungewaomba mbaki na kipimo chake. Pikipiki nyingi hupimia mwendo kwenye gurudumu hilo, na tairi kubwa zaidi itafanya mita idanganye.

Meno yafuate udongo wenu. Kwenye udongo mweusi kama wa Mwea, meno makubwa yaliyoachana hutema matope, yale yaliyokaribiana hujaa yakawa kama mpira wa kandanda. Na madigadi ikikaa karibu sana, gurudumu litagoma kabisa. Milimani kwenye changarawe kama kule Nyandarua, meno ya wastani yanatosha. Kama safari nyingi ni za lami, meno makubwa ni hatari wakati wa mvua, kwa sababu mpira unaogusa lami ni kidogo, breki inachelewa na tairi inaisha haraka. Tairi ya kati, yenye ukanda uliojaa katikati na meno pembeni, ndiyo inayofaa vikundi vingi.

Tairi zilizochongwa tena kwa kisu cha moto msinunue hata kidogo. Aliyechonga hakuongeza mpira, alipunguza ule uliobaki juu ya nyuzi. Na tairi mpya ipewe tyubu mpya. Ya zamani imeshatanuka, ikiingia inajikunja, na mahali pa mkunjo ndipo pancha inapotokea. Tairi zisizo na tyubu haziwezi kukaa kwenye rimu ya spoku za kawaida, upepo utatoroka kwenye matundu ya spoku.

Upepo pimeni asubuhi, tairi ikiwa baridi. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ni 25 mbele, 28 nyuma mtu akiwa peke yake, na 32 akibeba abiria, lakini fuateni kitabu au kibandiko cha pikipiki yenu. Kubonyeza kwa kidole si kupima. Geji moja inatosha kikundi kizima.

Pesa zikiwa haba, sisi tungeanza na tairi ya mbele ikiwa imekuwa kipara, kwa maana gurudumu la nyuma likiteleza mtu huweza kujiokoa, la mbele likiteleza huanguka. Halafu waya na kuelekeza taa, ambavyo ni karibu bure. LED ije mwisho. Katika daftari la pikipiki andikeni siku tairi ilipofungwa na kilomita zilizokuwa kwenye mita, na mpatane mapema nani analipa pancha na nani analipa tairi, maana hapo ndipo vikundi hugombana.

Tairi ikifungwa, fundi ahakikishe mshale ulioandikwa ubavuni unaelekea gurudumu linakozungukia. Kilomita 150 za kwanza mwendeshaji aende taratibu, hasa konani, kwa sababu tairi mpya huteleza mpaka ngozi yake ya juu itoke. Tyubu ya zamani msiitupe. Ikatwe kamba za kufungia madebe, na ncha zake zikazwe zisining'inie karibu na mnyororo.