Ziulize Nukta Kundi Lao

Ninafundisha hesabu Nakivale, wilayani Isingiro, nchini Uganda, katika makazi yaliyoanza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanafunzi wangu, wengi wao Wakongomani na Warundi, kuchora nukta hakuwasumbui. Kinachowasumbua ni kusema nukta hizo zinaeleza nini.

Mchoro wa nukta wenyewe ni mwepesi. Nenda soko la Mbarara, pima uzito wa kila mkungu wa matoke, uliza na bei. Uzito uuweke kwenye mstari wa chini, bei kwenye mstari wa wima. Kila mkungu nukta moja. Nukta zitapanda kuelekea kulia, kwa kuwa mkungu mzito huuzwa ghali, lakini hazitajipanga barabara: ndizi iliyoanza kuiva hushuka bei hata iwe nzito vipi. Zikipanda hivyo, uhusiano ni chanya. Zikishuka, ni hasi. Zikitapakaa bila mwelekeo, wengi husema hakuna uhusiano, na hapo ndipo ninapowasimamisha.

Ninawapa mfano wa hapa kwetu. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liliwagawa wakimbizi walioko Uganda katika makundi matatu. Wenye uhitaji mkubwa kabisa walipangiwa asilimia 60 ya mgao kamili wa chakula, wa kati asilimia 30, na walioonekana kujimudu hawakupangiwa kitu. (Nani anajimudu? Ubishi huo haujaisha hapa kwetu.) Sasa weka chini idadi ya watu katika kila familia, na wima mgao wa familia hiyo. Mgeni ataona vurugu ya nukta, aseme ukubwa wa familia hauna uzito katika mgao. Mpe kalamu za rangi, kila kundi na rangi yake. Mara anaona mistari mitatu iliyonyooka: mmoja unapanda kwa kasi, wa pili kwa nusu ya kasi hiyo, wa tatu umelala chini kwenye sifuri. Familia ya watu 5 ya kundi la kwanza ilipata sawa na migao kamili 3. Familia ya watu 10 ya kundi la pili nayo ilipata 3. Mama wa familia ya watu 10 alilijua hilo zamani, bila grafu.

Mtego mwingine ni mbaya zaidi. Linganisha mgao wa kila mtu na siku alizolala na njaa. Huenda nukta zikapanda: penye msaada mwingi, njaa nyingi. Asiyejua atasema msaada unaleta njaa. Kumbe waliopewa zaidi walichaguliwa kwa sababu tayari walikuwa na dhiki. Umaskini umesimama nyuma ya vipimo vyote viwili, nao haumo kwenye mchoro.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukionyeshwa nukta mkutanoni, usikubali mstari upigwe kabla hujaambiwa ni za nani na walichaguliwa vipi.