Ugonjwa wa Kutupa Mimba Upo Hadi Baharini

Mfugaji wa kwetu Chiungutwa haelezwi brusela ni nini. Ameona ng'ombe akitupa mimba ya miezi sita, kondo la nyuma likakawia kutoka, na baada ya muda mwenzake wa zizi lilelile naye akatupa. Bwana mifugo ameshamwonya asilishike kondo kwa mikono mitupu, alifukie, na maziwa yachemshwe. Ambalo halijasikika sana huku bara, kwetu tunaoletewa samaki wakavu kutoka Mtwara, ni kwamba ndugu wa bakteria anayeleta ugonjwa huo anaishi ndani ya pomboo na nyangumi.

Alitambuliwa mwaka 1994, Scotland na Marekani karibu kwa wakati mmoja. Kule California alipatikana katika mimba iliyoharibika ya pomboo aliyekuwa akifugwa. Mwaka 2007 akapewa jina lake, akatenganishwa na yule wa ng'ombe na yule wa mbuzi. Tabia hazijatengana: naye hupenda kondo la nyuma, na humo huzaliana kwa wingi wa kutisha. Kwa pomboo ana ubaya wa ziada, kwani hupanda hadi kwenye ubongo. Katika pwani ya Pasifiki ya Kosta Rika walipatikana pomboo waliosukumwa ufukweni wangali hai, wameshindwa hata kujiweka sawa majini. Walipopasuliwa, utando wa ubongo ulikuwa umevimba na brusela alikuwamo. Pomboo anavuta hewa kama sisi. Asiyeweza kupanda juu hufa kwa kukosa pumzi. Ni mateso makubwa.

Aprili 2006, pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa Nungwi, kaskazini mwa Unguja. Sisemi brusela ndiye aliyewaua; hakuna aliyethibitisha hivyo. Kinachonishughulisha ni kilichofuata: watu waliwapasua matumbo wakatoa maini, wapate mafuta ya kupaka vyombo vyao visivuje. Kazi hiyo hufanywa kwa kisu na mikono mitupu, na mchubuko mdogo kidoleni unatosha kumwingiza bakteria. Jike mwenye mimba ndiye wa kuogopwa zaidi.

Watu waliothibitishwa kuugua brusela wa baharini ni wachache mno duniani. Mmoja alikuwa mfanyakazi wa maabara Uingereza. Wawili wa Peru, walioripotiwa mwaka 2003, walishambuliwa ubongo. Uchache huo haunitulizi, maana homa yenyewe hujificha: hupanda na kushuka wiki baada ya wiki, jasho usiku, kiuno na viungo vikiuma. Moshi, kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa. Zaidi ya nusu walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa nayo kweli hawakufika asilimia 2. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo wenye brusela.

Samaki wetu tuendelee kuwala, wapikwe tu wakaiva, kwa kuwa moto wa jikoni humuua bakteria huyu. Pomboo aliyekufa kwenye ufukwe wa Msimbati aachwe alipo, aarifiwe ofisa uvuvi au watu wa hifadhi ya bahari. Aliyekwisha kumshika, akipata homa, amwambie daktari mapema. Tiba ipo: doksisaiklini pamoja na rifampisini kwa wiki 6. Dawa ya malaria ya siku 3 haimgusi.