Gari la Ugenini Lirudipo Nyumbani

Wahenga wetu wa pwani walisema kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wana wetu waliokwenda kutafuta riziki Dubai, Maskati, Jidda, London na kwengineko hurejea mmoja mmoja, na wengi wao hutamani kurudi na gari walilolizoea huko. Tamaa hiyo haina ubaya. Gari ni jasho la miaka, na nyumbani kuna mzazi mtu mzima anayehitaji kufikishwa hospitali na watoto wanaohitaji kufikishwa shule na madrasa. Hata hivyo, jambo hili lina masharti yake, na mengi katika hayo hutimia au huvunjika kabla mtu hajapanda ndege. Anayeanza kuuliza gari likiwa limekwisha teremshwa Kilindini aghalabu huwa amechelewa.

Upande wa usukani

Sharti la kwanza ndilo linalowakwamisha wengi watokao nchi za Ghuba. Kule watu huendesha kwa upande wa kulia wa barabara, na usukani huwa kushoto. Sheria ya Kenya hairuhusu gari la usukani wa kushoto kusajiliwa, isipokuwa magari ya kazi maalumu kama ambulensi na ya kuzimia moto. Gari la familia halimo katika orodha hiyo, hata liwe jipya na zuri namna gani.

Si kwamba mlango umefungwa kabisa. Mkaazi anayerejea kutoka nchi ya usukani wa kushoto huruhusiwa kuliuza gari lake huko kabla ya kurudi, kisha akaleta la usukani wa kulia ambalo thamani yake haizidi ya lile aliloliuza. Gari la awali sharti liwe lilisajiliwa kwa jina lake kwa muda usiopungua miezi 12, na awe na hati za kuthibitisha umiliki na mauzo. Asiyehifadhi karatasi hizo huwa ameutupa ufunguo wa mlango huo.

Waliko Uingereza wana wepesi zaidi, kwani usukani wao ni kama wetu. Wanachopaswa kukumbuka ni kuiarifu mamlaka ya usajili ya huko, DVLA, kwamba gari linatolewa nchini moja kwa moja. Kipande cha hati ya V5C kinachohusu usafirishaji ndicho hupelekwa, na sehemu iliyobaki hutunzwa, kwani itahitajika Mombasa.

Umri wa gari

Kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, haziruhusu gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Hesabu hii hufuata mwaka wa kalenda. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, mathalan, yalikubaliwa magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2018 na kuendelea. La mwaka 2017 lilipaswa kuwa limekwisha wasili kabla ya mwaka 2024 kumalizika. Kwa hivyo mwenye gari lililo ukingoni asisubiri kulipakia mwezi wa Desemba. Meli ikichelewa njiani wiki moja tu, gari lililokuwa halali huwa limepitwa na wakati.

Kutoka nchi ambazo KEBS imeteua wakaguzi, zikiwemo Japani, Uingereza na Falme za Kiarabu, gari hukaguliwa kabla ya kupakiwa na kupewa cheti cha kufaa barabarani. Cheti hicho kitafutwe huko huko.

Msamaha wa ushuru

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humpa mkaazi anayerejea msamaha wa ushuru kwa gari moja. Masharti yake yaeleweka: awe ametimiza umri wa miaka 18, awe ameishi nje kwa miaka miwili au zaidi, awe anahamia nchini, na gari liwe mali yake binafsi aliyoitumia huko kwa muda usiopungua miezi 12, bila kuhesabu siku za safari ya meli. Tena, awe hajawahi kupewa msamaha kama huo.

Tuyapime maneno hayo. Gari lililosajiliwa kwa jina la kampuni si mali binafsi ya mfanyakazi, hata kama yeye ndiye aliyeliendesha kila siku. Lililo kwa jina la mume halihesabiki kuwa la mke aliyetangulia kurudi. Na gari lililonunuliwa mwezi mmoja kabla ya safari halina miezi 12, kwa hivyo litatozwa ushuru kama la mfanyabiashara.

Bandarini hadi barabarani

Gari likifika, wakala wa forodha mwenye leseni huwasilisha hati kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA: pasipoti, PIN, hati ya usajili wa kigeni, hati ya shehena na cheti cha ukaguzi. Kila siku ambayo karatasi haijatimia, gharama za uhifadhi huongezeka. Msamaha wa ushuru hauondoi malipo ya wakala, ya bandari wala ya usajili, basi fedha hizo zitengwe mapema.

Forodha ikiliachilia, usajili hufanywa NTSA kupitia akaunti ya eCitizen, na mwenyewe hupata logibuku na vibao vya nambari. Kabla ya kuliingiza barabarani sharti alikatie bima, japo ile ya kulinda haki za watu wengine.

Jina ni amana

Limebaki jambo ambalo ofisi haziwezi kulisimamia kama tunavyoweza sisi majumbani. Hutokea ndugu au rafiki akamwomba anayerejea: "Niletee gari kwa jina lako, nisilipe ushuru." Ombi huja kwa lugha ya udugu, na kulikataa huona mtu haya. Lakini kuandika kwamba gari ni lako ilhali si lako ni kutoa maelezo ya uongo mbele ya forodha, na gari laweza kutaifishwa. Hata lililosamehewa kihalali, likihamishiwa mtu mwingine, ushuru wake hudaiwa. Aliyetoa jina huwa amepoteza haki yake mwenyewe, kwani msamaha hautolewi mara mbili. Na gari hilo likimgonga mtu Nyali au Likoni, logibuku ndiyo husomwa kwanza, na jina lililomo ndilo huitwa mahakamani.

Basi ndugu yetu aliye ugenini akitaja kurudi, familia ikae naye kitako kwa simu mapema, mwaka mzima kabla ikiwezekana. Usukani uko upande gani? Gari lilisajiliwa lini, na kwa jina la nani? Yapigwe pia mahesabu ya kuliuza huko na kununua jingine hapa, maana mara nyengine hilo ndilo lenye nafuu. Majibu yakiwa wazi, na karatasi zikiwa mkononi, In shaa Allah gari litatoka bandarini bila ya mwenyewe kumwinamia mtu wala kumficha mtu neno.