Je, Wajua? Reli Mbili za Kidatu

Kidatu nchini Tanzania, penye mashamba ya miwa ya Kilombero, reli mbili hukutana bila kuungana. Ile ya kutoka Kilosa, iliyojengwa miaka ya 1960, ina milimita 1,000 kati ya vyuma vyake. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia inayoendelea hadi Ifakara, ina 1,067. Tofauti ya milimita 67 tu, lakini inatosha kulazimisha mizigo ihamishwe kutoka behewa moja hadi jingine!

TAZARA ilianza na injini za dizeli kutoka China, basi wapenzi wa magarimoshi ya mvuke hawakuwa na la kufuata huko. Wao wamekuwa wakipanga safari hadi Java, Indonesia, kupiga picha injini zilizovuta miwa huku zikichochewa kwa makapi ya miwa hiyohiyo. Miwa ya Kilombero, kwa upande wake, hufika kiwandani kwa matrekta na malori.