Kusahau, na Kidonge cha Kila Siku

Malalamiko haya husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mtu akiwa ameshainuka kuondoka. Kwamba siku hizi anasahau. Huingia chumbani akasimama, asikumbuke alichofuata. Mahesabu ya genge, aliyokuwa akiyapiga kichwani, sasa yanamchanganya. Kisha linakuja swali: je, ni hizi dawa?

Kwa watu wa Mpanda, mkoani Katavi, kama ilivyo kwingine Tanzania, swali hili lina uzito, kwa kuwa wapo waliozeeka na dawa hizo. Mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (VVU) ulianza mwaka 2004. Aliyeanzishiwa wakati huo akiwa na miaka 35, leo amevuka 55. Akiamini kwamba kidonge ndicho kinachomla ubongo, ataacha kukimeza kimyakimya, na hapo ndipo hatari yenyewe ilipo.

Mshtakiwa wa kwanza ni virusi. Huingia kwenye ubongo ndani ya wiki chache za maambukizi, kabla mtu hajapima wala kuhisi chochote, vikibebwa na chembe za damu zinazoweza kupenya ukuta uliopo kati ya damu na ubongo. Vikishafika, haviingii katika chembe zinazobeba fikra na kumbukumbu. Hujificha katika chembe za ulinzi zilizo jirani nazo, na chembe hizo humwaga kemikali za mapambano mfululizo. Kemikali ndizo zinazoumiza. Yeyote aliyewahi kuliona tanuri la mkaa lililofukiwa udongo atanielewa: juu huoni moto, ndani linafuka. Dawa huuzima moto huo kwa kiasi kikubwa sana, ila si zote zinazoupita ukuta ule sawasawa, na madhara yaliyotokea kabla ya mtu kuanza dawa hayafutiki yote.

Uganda inatupa ushahidi mzuri. Utafiti wa Kampala uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta watu 31 katika kila 100 wenye VVU waliopimwa wakiwa wamepungukiwa akili kwa sababu ya VVU. Wagonjwa wengine wa huko waliofuatiliwa baada ya kuanza dawa walionekana kufikiri na kukumbuka vizuri zaidi ndani ya miezi sita. Kidonge, basi, ni mlinzi wa ubongo kuliko kilivyo adui.

Hata hivyo, haki itendeke kwa wanaolalamika, maana si kila walichokihisi kilikuwa dhana. Waliotumia ile dawa ya usiku yenye efavirenzi wanazikumbuka ndoto zake, kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu, na wengine huzuni isiyo na sababu. Efavirenzi hufika kwenye ubongo, na watu wengi wa Afrika wamerithi maumbile yanayoivunjavunja polepole, hivyo ikawajaa mwilini kupita kiasi. Kuanzia mwaka 2019 Tanzania ilianza kuwahamishia watu kwenye kidonge chenye dolutegraviri, ambacho wengi hukivumilia vizuri zaidi. Nacho huwanyima baadhi ya watu usingizi. Ukiwa mmoja wao, muulize mhudumu kama unaweza kukimeza asubuhi.

Halafu kuna mambo ambayo hayahusiani na kidonge kabisa, nayo huonewa haya kutajwa: presha isiyotibiwa, sukari, pombe ya kila jioni, sonona, homa ya uti wa mgongo aliyougua mtu zamani, na umri wenyewe. Mjini Moshi watafiti waliwapima watu wenye VVU wa miaka 50 na zaidi wanaohudhuria kliniki, wakakuta karibu nusu yao wana upungufu fulani wa kufikiri au kukumbuka. Idadi hiyo isikutishe. Wengi wa aina hii huwa na upungufu mdogo, na wataalamu wenyewe wamebishana sana kuhusu namna ya kuupima, kwa sababu mtu ambaye hakusoma shule anaweza kupata alama chache bila kuwa mgonjwa.

Kipimo kinachofaa mazingira yetu kipo, nacho kilijaribiwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2005. Unatajiwa maneno manne: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Unagonganisha vidole viwili haraka kwa sekunde tano, kisha unarudia mtiririko wa mikao mitatu ya mkono: ngumi, kiganja, ubavu wa kiganja. Mwishoni unaulizwa yale maneno manne. Alama zote ni 12. Ukipata 10 au chini yake, unahitaji kuchunguzwa zaidi. Hakuna mashine, hakuna damu, na dakika chache zinatosha.

Kwa mkoa kama Katavi ningependa kipimo hiki kifanyike kila mwaka, katika kila kliniki ya tiba na matunzo (CTC), kwa kila aliyevuka miaka 50. Anayetoka Mishamo au Karema kuja Mpanda mjini anasafiri mbali, na kupewa dawa za miezi mingi kwa mara moja kumempunguzia adha kubwa. Lakini anayesahau hubaki na makopo yake miezi yote hiyo bila jicho la mhudumu. Anaruka dozi leo, keshokutwa anarudia mbili, virusi vinapanda, na usahaulifu unazidi. Huyu hahitaji kukemewa kama mtoro. Anahitaji mtu wa nyumbani anayeijua hali yake, saa moja ya kumeza isiyobadilika, na simu ya kumkumbusha.

Ukiwa ni wewe, usisubiri mpaka umeshika kitasa cha mlango. Tarehe yako ikifika, liseme la usahaulifu mwanzoni, omba upimwe presha, uliza majibu yako ya wingi wa virusi, na usiache dawa hata siku moja kabla hujazungumza na mhudumu wako.