Tuirudishe Penseli Mkononi mwa Mwalimu

Kila mtoto huchora kabla hajajua kuandika. Akipata kijiti huchora mchangani, akipata kipande cha kaa huchora ukutani, wala hamwulizi mtu iwapo anacho kipawa. Aghalabu afikapo umri wa miaka kumi hivi, huanza kuacha. Ukimkuta ukubwani, awe mwalimu au karani, atakwambia bila kusita kwamba yeye hajui kuchora. Je, ujuzi ule ulikwenda wapi?

Kwa maoni yangu haukwenda kokote, ulinyamazishwa. Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985, Sanaa na Ufundi ilitahiniwa katika KCPE. Somo hilo lilipoondolewa mtihanini mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika shule nilizozijua vipindi vyake vilitwaliwa na masomo mengine, maana kisichotahiniwa huhesabiwa kuwa mchezo. Wamo walimu vijana waliomaliza shule wasishike penseli kwa kuchora.

Mimi hufunza hisabati, na kwa miaka mingi michoro yangu ilikuwa pembetatu na duara za ubaoni. Kisha nikaalikwa katika warsha ya siku mbili ya kubuni jiko jipya la shule. Walikuwapo msanifu wa majengo, fundi mwashi, wazazi, wanafunzi na mpishi wetu. Msanifu alitoa masharti mawili: asiwepo wa kueleza wazo lake kabla ya kulichora, na vifutio viachwe mlangoni.

Mistari yangu ya kwanza ilikuwa ya mtoto wa darasa la nne: nyumba ya mraba yenye paa la pembetatu. Betty Edwards, mwalimu wa sanaa wa Marekani, alieleza sababu katika kitabu chake cha 1979. Mtu mzima asiyezoea kuchora hachori akionacho, bali huchora alama aliyoihifadhi akilini tangu utotoni. Zoezi lake mojawapo ni kunakili picha iliyopinduliwa juu chini, ili jicho lisahau jina la kitu na kufuata mistari yake tu. Tulilifanya zoezi hilo kwa picha ya kiti. Nilipoigeuza karatasi yangu, kiti kilikuwa kiti.

Hata hivyo, faida kubwa haikuwa kiti hicho. Mpishi, ambaye mikutanoni alizoea kunyamaza, alichora njia yake ya kila siku kutoka mekoni hadi dirisha la kugawia chakula. Mwanafunzi mmoja akaipokea karatasi ile ile na kuchora foleni ya wenzake. Mistari miwili ikakatana. Sote tukaona kwamba sufuria ya uji wa moto hupitishwa katikati ya watoto. Dirisha likahamishwa papo hapo, karatasini, kabla ya tofali moja kununuliwa.

Jambo hili si geni. Kati ya 1981 na 1985, katika mradi ulioitwa UTOPIA, wachapaji wa magazeti walishirikiana na watafiti wa Uswidi na Denmark kubuni mitambo yao. Michoro ya kitaalamu ilipowatatiza, waliunda kompyuta za bandia kwa mbao na makaratasi, wakaonyesha kwa mikono namna walivyotaka kufanya kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote 2019, umeirejesha sanaa darasani, na hilo ni la kupongezwa. Lakini mwalimu asiyechora atafunzaje kuchora? Atawanakilisha watoto picha za vitabuni, au atawatwika wazazi kazi hiyo usiku.

Walimu wenzangu, napendekeza kila shule itenge saa moja kwa juma, walimu wa masomo yote wachore pamoja na wanafunzi wao, bila kutoa alama, juu ya jambo la shule linalohitaji kurekebishwa: choo, lango au bustani. Gharama yake ni karatasi na penseli. Wahenga walinena kwamba udongo upatize ungali maji, lakini mfinyanzi hujua kuwa hata udongo mkavu, mradi haujachomwa, hulainika ukitiwa maji.